Kutoka Shela Kwenda Shela

Mdogo wangu anaolewa Disemba, Mungu akijaalia, na wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dakika tano zilikuwa za nguo. Ya sita ndiyo iliyonihusu: "Dada, tumeamua fungate iwe Lamu kama nyinyi. Nipangie basi." Nilicheka peke yangu jikoni hadi mbaazi zikashika chini ya sufuria. Anachokijua yeye ni ile picha iliyo ukutani kwa mama: mimi na shemeji yake juu ya mchanga, leso inapaa na upepo, jua linatua, meno yote nje. Picha haisemi popote kwamba siku ile nilikuwa sijamsemesha mume wangu tangu saa tatu asubuhi.

Nimeona nimwandikie, maana kwa simu tutaishia kwenye nguo tena. Na wengine wasome, kwa kuwa hakuna mwaka unaopita bila binamu mmoja kuniuliza yaleyale.

Sisi ni watu wa Malindi, mtaa wa Shela. Na Lamu pia kuna kijiji kinachoitwa Shela, kwa hiyo watu walinicheka mapema: umetoka Shela unakwenda Shela! Lakini fungate Malindi nisingeweza. Nusu ya madereva wa tuktuk nimesoma nao, na nikikaa ufukweni na mwanamume, hata awe mume wa halali mwenye cheti mfukoni, habari hufika nyumbani kabla sijapangusa mchanga miguuni. Mume wangu ni wa Mombasa, Mji wa Kale, na kazi yake ni kutoa mizigo bandarini. Mtu wa kazi ile huishi kwa tarehe: meli imetia nanga lini, karatasi zimepigwa mhuri lini, siku ngapi zimebaki kabla kontena halijaanza kutozwa. Ndivyo alivyoipanga fungate yetu. Siku saba kwenye karatasi moja, asubuhi, mchana na jioni, kila kisanduku kimejazwa kwa rangi yake, kisha akaitia plastiki isilowe. Aliponionyesha nilizidi kumpenda. Nakiri. Mtu amekesha akichora visanduku ishirini na kimoja kwa ajili yako, utamwambia nini?

Kisanduku cha kwanza kabisa ndicho kilichotuumiza: tuliondoka siku ya pili ya harusi.

Nani alitudanganya kwamba bibi harusi wa Pwani anaweza kusafiri kesho yake? Wiki nzima nilikuwa nasuguliwa singo, napakwa hina, napigwa piko, nakesha na wanawake, kisha nikapambwa nikawekwa juu ya kiti nitazamwe kama jahazi jipya kabla ya kushushwa majini. Usiku wa harusi wenyewe tulilala saa tisa. Saa moja asubuhi tuko stendi tunangoja basi la kutoka Mombasa. Nililala kuanzia Gongoni mpaka Garsen, kinywa wazi, na hiyo ndiyo sura ya mkewe ambayo mume wangu aliipata mchana kweupe mara ya kwanza. Ningepewa kupanga upya, ningekaa nyumbani siku tatu, nikala, nikalala, nikafungua zawadi, ndipo nikapanda basi.

Halafu kitambulisho. Barabara ya Lamu siku hizi ni lami, si kama enzi za baba yangu ambaye husimulia basi lililozama topeni wakala mikate ya abiria wote. Lakini ina vizuizi vya askari, na mara kadhaa abiria hushuka, hupanga foleni, huonyesha kitambulisho, hupanda tena. Changu kilikuwa ndani ya begi kubwa, begi liko chini ya basi, na juu ya begi magunia. Basi zima lilisimama juani likinisubiri, mwenye piko mpaka kiwikoni, nikipekua begi la bibi harusi, na mnajua begi la bibi harusi huwa na nini, mbele ya askari aliyetazama pembeni kwa heshima zake. Mdogo wangu, kitambulisho kikae kwenye mkoba wa mkononi. Mkisema mpande ndege, sawa, inatua Manda na boti inawavusha, ila ndege zile ni ndogo na mizigo hupimwa; wewe na viatu vyako jozi saba hamtoshi.

Barabara huishia Mokowe, na hapo ndipo nilipoanza kujisikia fungate. Boti, upepo usoni, mikoko pande zote, na baada ya nusu saa hivi mji unajitokeza mbele yako, mweupe na wa mawe, umeketi ukingoni mwa maji kama umekuwa ukikungoja. Mume wangu alinishika mkono. Ilikuwa siri yetu: mama yake ni mzaliwa wa Lamu, ana ndugu tele Mkomani na Langoni, nasi hatukumwambia hata mmoja. Mpango ulikuwa tushuke, tuchukue boti ya Shela, tupotee siku saba.

Tulipokanyaga gati, mzee mmoja wa mkokoteni akamtazama mume wangu mara moja tu. "Wewe si mwana wa fulani?" Akataja jina la mama mkwe. Mume wangu alifikiri kukana, nilimwona usoni, lakini pua ile ni ya ukoo na haikaniki. Boti yetu ilikuwa haijafika Shela simu ikalia. Khaloo yake, dada wa mama yake. Sauti ilisikika mpaka kwa nahodha: "Mmekuya Amu bila ya kunambia?"

Hapa nisimame kidogo, maana watu wengi wa Pwani wanaopanga Lamu hawalifikirii jambo hili. Mgeni wa Ulaya anaweza kwenda kisiwani akapotea. Sisi hatuwezi. Kama una damu Lamu, au mumeo anayo, au mama yako aliwahi kupeana leso na mwanamke wa kule miaka thelathini iliyopita, basi utajulikana gatini. Mji hauna barabara za magari ndani, una vichochoro, na katika kichochoro kipana kama mikono miwili iliyonyooshwa utampishaje mtu bila kumwamkia? Kwa hiyo waambieni kabla. Chagueni wenyewe siku ya kwenda kusalimia, na mkiichagua nyinyi itakuwa siku moja. Sisi hatukuichagua, zikawa nne.

Nyumba tuliyoipanga Shela ilielezwa kwamba iko hatua chache kutoka baharini. Hatua chache za nani sijui. Ilikuwa kichochoro cha tatu nyuma, na bahari uliiona ukipanda juu kabisa darini ukasimama upande wa kushoto. Lakini niseme haki, dari lile lilikuwa ndio nyumba. Makuti, magodoro chini, upepo wa kusi unapita bila kubisha. Nyumba ilikuja na mpishi, mama wa makamo, na huo ndio uamuzi pekee wa mume wangu ambao ningeurudia vilevile: nyumba yenye mpishi badala ya hoteli. Asubuhi anakuuliza unataka nini, unampa pesa au unafuatana naye, wavuvi wanaleta changu, tafi, kolekole, kamba, na jioni unaletewa samaki wa kupaka na wali wa nazi darini umevaa dira lako. Hakuna mhudumu wa kukuuliza kila dakika tano kama chakula ni kizuri.

Punda sikuwa nimewatia hesabuni. Mchana punda wa Lamu ni kiumbe mpole, amebeba mawe ya matumbawe au mchanga, anakupisha ukutani. Saa tisa usiku ni mwingine. Mmoja huanza Shela ya juu, wa pili anamjibu kutoka ufukweni, wa tatu yuko chini ya dirisha lako. Usiku wa kwanza mume wangu aliruka kitandani akidhani kuna mtu anauawa. Kama usingizi wako ni mwepesi, omba chumba cha juu, cha upande wa ndani. Na chandarua kikaguliwe tundu kabla ya magharibi.

Siku ya pili khaloo alileta sinia. Hakuleta mwenyewe; lilikuja kwa boti, limefunikwa kawa, likasindikizwa na kijana aliyeagizwa aone kama tumekonda. Mahamri, mbaazi, kuku wa kupaka, kaimati, na kikuba cha asumini kimefungwa ndani ya jani la mgomba, kimelowa umande. Mume wangu alikasirika, akasema tumekuja kujificha na sasa tunaletewa chakula kama wafungwa. Mimi nilikuwa nimeshavaa kikuba.

Ilibidi twende kumshukuru. Nyumba yake iko Mkomani, ya zamani haswa, mlango wa kuchonga, daka lenye vibaraza viwili vya mawe ambapo wanaume huketi jioni. Ndani kuna kiwanda, yaani ua, wazi kwa jua, kisha kumbi mbili zinazofuatana, msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma yake kile chumba chenyewe kinachoitwa ndani, ukuta mzima wa zidaka za chokaa zilizopangwa kama asali kwenye sega. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki upana zaidi ya hapo. Chooni kuna birika la chokaa, na khaloo anasema zamani waliweka humo visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Juu ya kichochoro kuna wikio, chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba hii na ya dada yake, ili wanawake waendeane bila kutoka nje. Baba yao alimpa kila binti orofa au nyumba yake alipoolewa. Kwa watu wa nyumba za mawe wa Lamu mwanamume ndiye aliyehamia.

Khaloo alitutilia kahawa, akatutazama kwa zamu, akauliza tumekuja siku ngapi. Saba, tukajibu. Akaguna. "Basi hesabu mwaijua. Ilobaki ni kukaa."

Kisha akatueleza, na mimi nimesomesha Kiswahili miaka tisa lakini sikuwahi kulisikia neno lile kwa masikio yale. Fungate ni saba. Katika lugha kadhaa za jamaa zetu wa bara ya Tanzania, kama Washambaa, ndivyo wanavyohesabu hadi leo. Kwa desturi ya zamani bwana harusi aliingia nyumba ya bibi harusi, mlango ukarudishwa, na siku saba hawakutoka. Hakwenda dukani, hakwenda baharini. Bibi harusi hakushika jiko. Somo yake, mwanamke anayemfunda mambo ya ndoa, aliingia na kutoka, chakula kikaletwa mlangoni: supu ya kuku, mayai, maziwa, mikate ya sinia. Kazi yao ilikuwa moja, kuzoeana. "Nanyi mmefanya ni mashindano ya mashua," akamalizia, maana mume wangu alikuwa amekosea akamwonyesha ile karatasi ya plastiki.

Ungedhani tulirudi Shela tumepata akili. Hatukupata. Kesho yake ratiba ilisema: Jumanne, saa mbili asubuhi, Takwa.

Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili upande wa pili, kisiwani Manda, ulioishi karne ya 15 hadi ya 17, ukahamwa. Kufika kwake kwa maji unaingia mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na mkondo ule una maji yakijaa tu. Yakipwa ni tope. Haya yote yanajulikana na kila mtoto wa Lamu, na nahodha wetu, kijana mwembamba mwenye kikoi, alituambia pale pale ufukweni: "Bwana, yeo asubuhi mai yatoka. Twende baada ya adhuhuri." Mume wangu akatoa ile karatasi. Tumepanga saa mbili, akasema, mchana tuna Matondoni kuangalia wanavyojenga majahazi. Kijana akatazama karatasi, akanitazama mimi, akapandisha tanga.

Ilikuwa mwezi kumi na sita, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi kuandama. Nami mtoto wa Malindi, mjukuu wa mvuvi, sikufikiri. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: bahari hujaa sana na hupwa sana, na kwetu huku kupwa huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi, kujaa alasiri. Kila siku husogea mbele dakika hamsini hivi. Katikati ya bamvua moja na nyingine ndiyo maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na hapo kujaa huja asubuhi. Babu alinifundisha nikiwa na miaka minane. Nilikuwa nimelewa harusi.

Saa tatu na kitu mashua ikagusa chini. Laini tu, kama mtu anayekaa kitini. Nahodha akashuka akasukuma, maji yakamfika magotini, kisha vifundoni, kisha hapakuwa na maji. Tulikaa pale mpaka karibu saa nane.

Wanaosimulia fungate hapa hukwambia ndipo walipozungumza mambo ya moyo. Sisi hatukuzungumza. Joto la mikoko halina upepo, tope linanuka yai, na mbu wa pale hawajui kama ni mchana. Mume wangu alieleza mara mbili kwamba tungetoka dakika kumi mapema tungepita, kisha akalala amejifunika kitambaa usoni. Mimi nilihesabu kaa. Kuna wale wadogo wenye gando moja kubwa jekundu wanaopunga kama wanaita teksi. Nilifika mia mbili na kumi. Nikitaka maji ya kunywa nilimwambia nahodha: "Mwambie huyo bwana apitishe chupa." Kijana alikuwa na mkate wa mofa ndani ya karatasi, akaugawa mara tatu sawasawa, bila neno. Yeye alijua tangu ufukweni kwamba tutakula pale.

Maji yaliporudi yalirudi kimya, yakiingia mashimo ya kaa kwanza. Nahodha akauliza mbele au nyuma. Mbele, nikasema mimi.

Na Takwa, wallahi, ni mahali. Mibuyu mikubwa imesimama ndani ya kuta kama wenye nyumba. Msikiti umebaki na kibla chake, na juu ya ukuta wa kibla umesimama mnara. Nje kidogo kuna kaburi la nguzo lenye tarehe ya Hijria, 1094, ndiyo miaka ya 1680 na kitu. Watu wa Shela husema wazee wao walitoka hapa. Hakukuwa na mtu mwingine ila mlinzi na ndege. Nilizunguka peke yangu, mume wangu nyuma yangu hatua kumi, akinipa nafasi. Tulirudi alasiri maji yamejaa tele, mashua inapita juu ya lile tope kana kwamba halikuwahi kuwapo. Ufukweni Shela nahodha akaomba simu, akasema simameni niwapige picha. Leso ikapaa. Nikatabasamu kwa kuwa sikutaka mama aulize.

Jumatano asubuhi niliamka nikakuta karatasi ya plastiki iko jikoni, mpishi ameifanya kifuniko cha bakuli la samli. Mpaka leo kila mmoja wetu anasema si yeye aliyempa.

Siku zilizobaki sina mengi ya kusimulia, na ndizo nilizozipenda. Maji yakipwa tulitembea ufukwe wa Shela, ule unaokwenda kilomita kama kumi na mbili za mchanga mtupu, vilima vya mchanga upande mmoja na bahari upande wa pili. Vilima vile msivichukulie kama mandhari tu: mvua huzama humo ikachujwa, na visima vilivyo chini yake ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukishapita nyumba za mwisho hakuna watu, ukitaka kuogelea na dira lako unaogelea, lakini hakuna mwokoaji pia, na Agosti kusi lina nguvu, mawimbi ya nje yanavuta. Tuliogea karibu na kijiji. Maji yakijaa tulilala darini. Jioni tulikwenda mjini kwa miguu, mwendo wa dakika arubaini hivi ukipita ukingoni, tukala viazi vya karai na mishkaki gatini, na tukirudi tumekuta maji yamemeza njia tukachukua boti. Sinia la khaloo lilikuja kila siku. Mume wangu alikuwa ndiye wa kwanza kwenda mlangoni.

Sasa ya haraka haraka, mdogo wangu, kwa vile umeuliza.

Disemba mtakuta kaskazi: jua, maji angavu kuliko tuliyokuta sisi, lakini mwisho wa mwezi Shela hujaa wageni wa mwaka mpya na bei zinapanda mtini. Nendeni kabla au subirini katikati ya Januari. Msithubutu masika, Aprili mpaka Juni. Mvua itawafungia ndani kweli, na baadhi ya hoteli hufunga. Mwenye kuolewa Mfungo Sita aangalie Maulidi: Lamu yote humiminika msikiti wa Riyadha, kuna mashindano ya punda na ya mashua, ni raha isiyosimulika, ila chumba hupati na utulivu husahau. Ramadhani ni nzuri ukiwa na khaloo, ngumu ukiwa huna, maana mchana mahoteli ya chakula ya mjini yanafungwa.

Pesa chukueni taslimu kiasi, nyingine iwe kwenye simu. Benki ziko mjini. Na bei ya mashua pataneni kabla hamjakanyaga, pamoja na chakula, pamoja na saa ya kurudi, kisha mkishapatana msimfundishe nahodha bahari.

Mavazi sikwambii, umelelewa. Ila mwambie mumeo kaptura ni za ufukweni, si za kumpitia khaloo Mkomani.

Na chumba chenu kitandikwe asumini. Haikugharimu kitu, utampa mtoto yeyote pesa kidogo magharibi akuletee. Sisi hatukuagiza, tuliletewa, na miaka sita baadaye nikipita Malindi sokoni nikasikia harufu ile hunijia lile dari lote, pamoja na punda.

Niliyaandika haya mpaka hapa jana mchana. Usiku amenitumia ratiba. Mchumba wake ni mhasibu. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi: Takwa. Nimeinuka nikaenda kutazama kalenda ya msikiti iliyo ukutani, nikahesabu kwa kidole. Mwezi pili.

Nimemjibu wachukue mkate wa mofa.